Jino Lisilo na Tundu

Laiti ningekataa. Siku ile mpwa wa Mwalimu aliposimamisha pikipiki mbele ya baraza langu pale Mkunya, akatoa bahasha ya hospitali ndani ya koti na kuniambia, "Baba Hadija, wewe ndiye unayemsomea Mjomba. Msomee na hii, ila ile habari yenyewe usimsomee," ningemrudishia bahasha yake nikamwambia akamsomee mwenyewe. Sikukataa. Nilisema, "Haya." Nililisema neno hilo moja huku nikiendelea kumenya muhogo, kama mtu aliyeombwa kiberiti.

Mjomba wake alikuwa mwalimu wa Baiolojia katika shule moja ya sekondari pale Newala, na mimi nilikuwa mhudumu wa maabara yake. Nilimaliza kidato cha nne, alama zangu hazikunipeleka mbele, nikapewa kazi ya kuosha mirija ya kioo na kufuta vumbi kwenye mizani. Kwa zaidi ya miaka ishirini nilikaa kwenye kigoda nyuma ya darasa lake, nikisikia somo lile lile likirudiwa kila mwaka, na kila mwaka likiwa limebadilika kidogo. Habari za kuzaliwa kwake na za ukoo wake wapo wanaozijua kuliko mimi. Mimi nitasema niliyoyaona, na mengi ya niliyoyaona sijayaelewa.

Tulimwita Mwalimu tu. Hata walimu wenzake walimwita hivyo, kana kwamba wao walikuwa wanafanya kazi nyingine.

Sheria ilimtaka afundishe kwa Kiingereza, naye alifundisha kwa Kiingereza mpaka afike kwenye jambo analolipenda. Hapo alikwenda kufunga mlango, akavua saa, akaiweka mezani, akaanza Kiswahili. Wanafunzi walilijua hilo. Saa ikivuliwa, hata waliokuwa wanasinzia waliinuka.

"Mwili ni kijiji," alisema. "Kila seli ni nyumba. Na kila nyumba, kila siku, inatupa maganda mlangoni. Ukipita Mkunya asubuhi utajua nani kala muhogo na nani kala nanasi bila kubisha hodi. Seli nayo inavunja kipande kidogo cha kila kinachopikwa ndani, inakiweka nje. Askari anapita, anatazama maganda. Muhogo, sawa. Njugu, sawa. Siku moja anaona ganda la tunda ambalo hapa kwetu halioti. Maana yake nini?"

"Ndani kuna mgeni, Mwalimu."

"Ndani kuna mgeni. Kirusi kimeingia, kimekaa jikoni, kinapika chakula chake kwa kuni za mwenye nyumba. Askari hakioni. Anayaona maganda tu."

Mwaka mmoja msichana mmoja wa Tandahimba alinyoosha mkono. "Na kama huyo mgeni amefagia mlangoni?"

Mwalimu alikaa juu ya meza kwa furaha. "Huyu ndiye niliyekuwa namngoja tangu Januari," alisema. Kisha akaeleza kuwa wako askari wa aina ya pili ambao hawasomi maganda kabisa. Wao wanatafuta nyumba isiyo na ganda hata moja. "Nyumba isiyo na maganda mlangoni," alisema, "ina njaa au ina siri." Neno hilo wanafunzi walikwenda nalo mpaka bwenini, wakawa wanalitumia kwa mtu yeyote aliyefunga sanduku lake kwa kufuli.

Wale askari wa kwanza, wasomaji wa maganda, alisema wamepitia jandoni. Iko tezi nyuma ya mfupa wa kifua, ndiyo jando lao. Huko wanaonyeshwa maganda ya nyumba zote za kijiji. Asiyeweza kusoma ganda lolote hafai, anafia huko huko. Anayeliona ganda la kwao akashtuka na kutaka kuua, huyo ni hatari zaidi, naye haruhusiwi kutoka. Wanaorudi nyumbani ni wachache sana. Na jando lenyewe linasinyaa mtu akikua. Mzee anaishi kwa askari wa zamani.

Baba mmoja alifunga safari mpaka shuleni kulalamika kwa mkuu wa shule kwamba mwalimu anawaambia watoto jando linaua. Mwalimu aliitwa. Alimwamkia ingawa yule baba alikuwa mdogo kwake, akaomba radhi, akakiri kuwa amelitaja jando mbele ya wasichana na si adabu. Wiki iliyofuata alifundisha somo lile lile, neno kwa neno, isipokuwa kwenye neno "jando" alishusha sauti.

Sehemu ya kuua aliifundisha kwa kuwaita wanafunzi wawili mbele. Mmoja seli, mmoja askari. Aliwasimamisha kifua kwa kifua, wakacheka, akangoja wamalize kucheka.

"Hampigi rungu," alisema. "Anamkaribia hivi, kama watu wanaonong'onezana msibani. Anamtoboa vitundu vidogo, na katika vitundu vile anapitisha amri: jimalize. Na seli inajimaliza. Inajikatakata yenyewe, inajifunga vifurushi, walaji wa taka wanakuja wanafagia. Haipasuki. Ingepasuka, kile kirusi kingemwagikia kwa majirani."

Siku moja, baada ya darasa kutoka, nilimuuliza. Nilikuwa nafuta ubao.

"Mwalimu, hiyo seli kosa lake nini?"

"Haina kosa. Imeingiliwa."

"Sasa inauawa kwa nini?"

"Kwa ajili ya majirani."

"Na inakubali?"

"Inazaliwa nayo hiyo amri ndani," alisema. "Inangoja tu kuambiwa ukweli wa hali yake."

Nilifuta ubao mpaka ukawa mweupe kwa chaki iliyosambaa. Sikuelewa. Nimelirudia jibu hilo miaka yote hii, na kila nikilishika linageuka mkononi.

Mtu anayesikia haya atadhani alikuwa na moyo mgumu. Hakuweza kuchinja kuku. Alipostaafu alijenga Mkunya, nyumba mbili kutoka kwangu, na kila alipopata mgeni alikuja na kuku aliyefungwa miguu. "Baba Hadija, nisaidie huyu." Kisha alikwenda kusimama nyuma ya nyumba mpaka nimalize. Mke wangu alikuwa hamwachi kwa utani.

"Mwalimu, si wewe uliyekuwa unawafundisha watoto kuua?"

"Mama Hadija, mimi nilifundisha. Sikuwahi kufanya mazoezi ya vitendo."

"Basi leo ndiyo mtihani."

"Nimeshafeli," alisema huku bado ametupa kisogo.

Aliogopa sindano vilevile. Alitembea darasa hadi darasa kuhimiza chanjo, na zamu yake ikifika alikuwa na kikao. Ndiyo maana mtoto wa jicho alimfunika macho yote mawili bila kwenda kupasuliwa. Alisema anangoja dawa ya matone, ambayo sijui nani alimwambia itakuja.

Kitu kimoja hakukiogopa kamwe, nacho ni kusema kwamba amekosea. Vitabu vilipobadilika, alihesabu kwamba wako watu wazima waliotawanyika huku na huko wakiwa na kosa lake kichwani, akaanza kuwatafuta. Nilikuwa naye sokoni Newala alipomsimamisha bwana mmoja, karani, mkononi ana fungu la dagaa.

"Wewe nilikufundisha kidato cha tatu kwamba askari wa mwili wanaua wageni tu."

"Shikamoo kwanza, Mwalimu."

"Marahaba. Nilikosea. Wanaua na wa kwetu, wakiingiliwa au wakiharibika. Sema: na wa kwetu."

Yule bwana aliangalia huku na huku. "Na wa kwetu."

"Haya, nenda. Dagaa wataharibika."

Macho yalipofunga kabisa, nikawa msomaji wake. Kila siku baada ya swala ya alasiri nilikwenda barazani kwake na miwani yangu, nikamsomea magazeti, vitabu vyake vya zamani na makala ambazo wanafunzi wake walimchapishia na kumtumia. Alikuwa na sharti moja. "Soma kilichoandikwa. Neno usilolijua, litaje herufi moja moja." Siku moja nilikutana na msururu wa majina marefu ya kemikali nikauruka. Aliinua kidole.

"Umeruka."

"Nimeruka kidogo, Mwalimu. Ni majina tu."

"Aliyeandika hakuruka."

Nikarudi nikayasoma, herufi moja moja, jua likizama. Tangu hapo sikuruka tena, mpaka siku ya bahasha.

Makala aliyoipenda kuliko zote ilihusu saratani. Saratani, alinieleza, si mgeni. Ni mtoto wa nyumbani aliyesahau kuacha kukua. Maganda yake yanafanana na yetu, ndiyo sababu askari wanahangaika nayo. Na ipo nyingine yenye ujanja zaidi: askari akifika mlangoni, inatoa mkono, inamgusa begani, "Tulia ndugu, hapa ni kwenu." Askari anatulia. Hajafa, hajalala, yupo pale pale na silaha yake, ametulizwa tu. Dawa mpya, makala ilisema, zinauondoa ule mkono. Hazimuui mgonjwa wala hazimpigi adui, zinamwacha tu askari afanye kazi yake. Mwalimu alicheka kila nilipofika hapo. "Miaka yote tumekuwa tukitafuta sumu," alisema, "kumbe kazi ilikuwa kuondoa uongo mlangoni."

Halafu tezi za shingo yake zikavimba. Zilianza mbili upande wa kushoto, ngumu kama korosho mbichi, haziumi. Tulimpeleka hospitali Masasi, mimi na mpwa wake. Walichukua kipande kwa sindano. Nilimshika mkono, akauminya mpaka vidole vyangu vikafa ganzi. Tukaambiwa majibu yatatoka baadaye. Mpwa anaishi Lisekese, ni karibu na hospitali, akasema yeye atayafuata.

Sasa narudi pale barazani kwangu. Bahasha ilikuwa imeshafunguliwa. Barua ilikuwa ya Kiingereza, mistari sita. Miwili ya kwanza jina lake na umri. Mstari wa tatu ulisema ni saratani ya tezi. Iliyobaki ilisema ni aina inayosikia dawa ikiwahiwa, na kwamba mgonjwa afike hospitali ya rufaa ndani ya wiki mbili.

"Umeona?" mpwa alisema. "Mjomba akilisikia neno hilo hatamaliza mwezi. Babu yetu aliambiwa ugonjwa wake, akageukia ukutani, hakula tena."

"Wameandika wiki mbili."

"Wameandika. Korosho ziko chini ya miti, nani ataziokota? Tukishauza nampeleka mwenyewe, kwa utaratibu. Baba Hadija, wewe ni mtu mzima. Kwetu mgonjwa hasomewi ugonjwa wake."

Hilo kweli. Kwetu wanaoambiwa ni ndugu, mgonjwa anaambiwa ale uji. Simlaumu mpwa. Alimpenda mjomba wake na aliogopa kumpoteza, akachagua njia ambayo kila mtu huku angeichagua. Lakini yeye hakukaa miaka ishirini kwenye kigoda nyuma ya lile darasa. Mimi nilikaa.

Tulikwenda alasiri ile ile. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kirago, ameegemea ukuta.

"Soma."

Nikasoma jina lake. Nikasoma umri. Kisha nikasema, "Wanasema tezi zimevimba kwa sababu ya maambukizi."

"Maambukizi ya wapi?"

Mpwa aliangalia miguu yake. Hatukuwa tumepanga sehemu hiyo.

"Ya jino," nikasema.

"La juu au la chini?"

"La chini. Kushoto."

"Barua imesema kushoto?"

"Imesema."

Nilidhani amenusa. Kisha akatabasamu, na tabasamu lile ndilo linalonisumbua hadi leo. "Mnaona?" alisema. "Askari wa kinywa wanakusanyika kwenye tezi za shingo. Wanafanya mkutano. Ndivyo nilivyofundisha."

Siku ya tatu, bila kumwambia mtu, yule mtu aliyeogopa sindano alipanda bodaboda peke yake mpaka Newala akang'oa jino. Alirudi ameuma kitambaa chenye damu. Mke wangu alimpelekea uji wa baridi, akarudi akaniuliza, "Hivi barua iliandika hilo jino kweli?" Nikamwambia iliandika. Huo ulikuwa uongo wangu wa tano, na wa kwanza kwa mke wangu juu ya jambo lile.

Tezi hazikunywea. Zilifika kwapani. Mpwa alileta mizizi ya kuchemsha kutoka kwa mganga mmoja wa Tandahimba, Mwalimu akainywa bila kuuliza, yeye aliyekuwa anauliza kila kitu. Mimi niliendelea kumsomea magazeti. Mara tatu aliniomba nimsomee tena ile makala ya mkono unaomgusa askari begani. Mara ya tatu hakucheka. Alisema tu, "Hapo. Rudia hapo." Nikarudia. Alikuwa ananiambia anajua? Au alikuwa mzee anayependa makala yake? Mimi mwenyewe katika somo lile nilikuwa nani? Nilikuwa ule mkono, au nilikuwa askari aliyetulizwa na mpwa? Nimejaribu kujiweka kila mahali, na kila mahali naona panafaa.

Asubuhi moja, korosho za mwisho zilipokuwa zimeshapelekwa ghalani, alituma niitwe. Haikuwa saa ya kusoma. Nilimkuta kwenye kirago, amejifunika shuka ingawa jua lilikuwa kali, shingo imejaa mpaka kidevu hakina pa kushukia. Mbele yake palikuwa na kiberiti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Fungua hicho."

Ndani palikuwa na jino lake, limeoshwa.

"Wewe una macho," alisema. "Litazame. Mimi nimelipapasa siku nyingi kwa ncha ya sindano, pande zote na mizizi yote. Sioni tundu."

Niligeuza jino kiganjani. Lilikuwa zima, la mtu aliyekula mihogo maisha yake yote.

"Halina tundu, Mwalimu."

"Basi ama aliyeandika barua alikosea," alisema, "ama aliyesoma alikosea. Yupi?"

Alilisema kwa sauti ile ya darasani, bila hasira, kama anayempa mwanafunzi nafasi ya kurekebisha jibu kabla daftari halijakusanywa. Na mimi nilikuwa nimemwona mtu huyu akisimama sokoni mbele ya watu kusema nilikosea. Nilijua namna inavyofanywa. Ni neno moja tu.

"Aliyeandika," nikasema.

Alinyoosha mkono, nikamrudishia jino, akalitia kwenye kiberiti na kukifunga.

"Haya," alisema. "Tumsamehe aliyeandika."

Nilipotoa miwani ili nimsomee gazeti, alisema leo amechoka. Kesho yake alisema amechoka. Nilimkuta amefunga vitabu vyake kwa kamba ya katani.

Wiki ile ile tulimpeleka hospitali ya rufaa. Daktari, kijana mpole, alisoma barua ya Masasi, akaangalia tarehe, akaangalia shingo, akatuita nje. Alisema dawa ilikuwepo na ingemfaa wakati barua ilipoandikwa. Sasa mwili hauwezi tena kuibeba. Aliuliza ni nani nyumbani aliyekuwa anamsomea. Nikasema ni mimi.

Mwalimu aliishi siku tisa. Jioni nesi alipopata nafasi alikuja na gazeti, naye alimwomba amsomee. Neno likimshinda nesi, alimwambia alitaje herufi moja moja. Mimi nilikuwa pale pale pembeni ya kitanda, miwani mfukoni. Hakuniomba, na sikuthubutu kujitolea.

Barua ilikuwa ya mistari sita. Nilisoma miwili nikaruka minne, na katika ile minne ndimo ulimokuwa uzima wake. "Haya" yangu ilimnyima wiki zile mbili, na kwa hiyo alikufa kwa ugonjwa uliokuwa na dawa. Alikufa akiwa hanitumi tena kumsomea hata kichwa cha habari.